Kabla hujaiamini GPS ya gari lako, ijaribu hivi

Mimi ni fundi umeme wa magari, Ilala. Karibu kila wiki naletewa gari lenye GPS iliyofungwa na mwenye gari anayeamini yuko salama, kumbe neno la siri bado ni la kiwandani: 123456. Kifaa hicho kina laini ya simu, na mara nyingi waya wake mmoja unakwenda kwenye rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya pampu ya mafuta. Anayekiamuru anaweza kulizima gari. Ndiyo maana ukitaka kutafuta udhaifu, anzia hapa, injini iache.

Jaribu gari lako tu, au la aliyekuruhusu kwa maandishi. Kuingilia kifaa cha mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Egesha, vuta handibreki, zima injini, kisha chomoa waya unaotoka kwenye GPS kwenda kwenye rilei. Hapo usilete mchezo: gari likizimika barabarani, ni roho za watu.

Chukua simu ambayo namba yake haijasajiliwa kwenye kifaa. Tuma SMS ya kuuliza gari lilipo, pamoja na 123456. Ikijibu, badilisha neno la siri urudie. Mwezi uliopita nilifanya hivyo kwenye Noah ya mteja. 123456 ya zamani ikajibiwa vilevile. Halafu tuma bila neno la siri kabisa. Wengi hawajaribu hili, lakini Julai 2022 CISA, taasisi ya usalama wa mtandao ya Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu GPS aina ya MiCODUS MV720, baada ya watafiti wa kampuni ya usalama wa mtandao ya BitSight kugundua kwamba baadhi ya amri za SMS zilipokelewa hivyohivyo bila neno la siri.

Upande wa programu ya simu ya kufuatilia gari unahitaji akaunti mbili na vifaa viwili, vyote vyako. Ingia kwa akaunti ya kwanza, pitisha mawasiliano ya simu kwenye kompyuta yenye mitmproxy (programu ya kuona na kubadilisha mawasiliano hayo), kisha badilisha namba ya utambulisho ya kifaa uweke ya kile cha pili. Seva ikikuonyesha gari la pili, haikuangalia mwenye gari ni nani. MV720 ilikuwa na kosa hilo pia.

Andika aina ya kifaa, tarehe, ulichotuma na ulichojibiwa. Mpelekee mtengenezaji na muuzaji kabla ya kutangaza popote, lakini mwenye gari mwambie siku hiyohiyo. Ile ya Noah niliitoa, nikaunga waya wa pampu kama ulivyotoka kiwandani, na kifaa nikampa mwenyewe mkononi.