Ukienda Moshi kukimbia kilomita 21, kiburu kisubiri

Kwa mnaokwenda Kilimanjaro Marathon kukimbia nusu: fika Ijumaa ukiweza, kwa sababu mbio ni Jumapili asubuhi na safari ndefu ya basi huacha miguu imevimba.

Sasa chakula. Moshi ni mji wa ndizi, na mgeni hutamani kuonja kila kitu usiku wa Jumamosi. Usifanye hivyo. Kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na kupondwa pamoja na maharage, kitakusumbua tumboni kwenye kile kipande cha kupanda kuelekea Mweka, ambacho ndicho kigumu kuliko vyote. Nyama choma nayo hukaa tumboni muda mrefu. Jumamosi kula wali au ndizi za kupika zenye mchuzi mwepesi, ule mapema, kabla ya saa moja jioni. Asubuhi ndizi mbivu moja au mbili na chai zinatosha, ilimradi umeshazizoea kwenye mazoezi.

Ukishamaliza mbio, anza na mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Kwangu hakuna chakula kinachomfaa mkimbiaji aliyechoka kama huo: ni moto, una chumvi uliyoipoteza kwa jasho, ndizi zimepondwa laini hata asiye na hamu ya kula anaumeza, na nyama imo. Machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama, yafuate mchana. Mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga, kama unakunywa, iache mpaka umeshakunywa maji ya kutosha na kushiba. Kiburu chako ukile Jumapili jioni, kwa raha zako.