Gari la wizi limekugonga? Namna ya kudai fidia ya bima

Mwizi huwa hasubiri. Gari linakugonga, mlango unafunguka, aliyekuwa kwenye usukani anaruka na kutokomea, nawe unabaki na magari mawili yaliyobonyea huku ukijiuliza utamdai nani. Wengi hukata tamaa hapo hapo. Usikate. Wizi wa gari lile haufuti haki yako, ila unabadilisha njia ya kuifikia. Na katika njia hiyo kuna karatasi moja yenye uzito kuliko zote: taarifa ya polisi inayotamka wazi kwamba gari lililokugonga lilikuwa la wizi.

Nasema haya kwa sababu yalinipata. Gari langu lilikuwa limeegeshwa, usiku, pikapu ikalivamia ubavuni. Nilipotoka nje dereva hakuwepo. Kifuniko cha chini ya usukani kilikuwa kimeng'olewa, nyaya mbili zimesokotwa pamoja, na plate namba ya nyuma imefungwa kwa waya. Mtoto mdogo angejua hilo ni gari la wizi. Lakini taarifa niliyopewa kituoni iliandikwa "dereva hajulikani", basi. Maneno hayo mawili yalinitesa miezi mitatu, kwa sababu kampuni ya bima husoma kilichoandikwa, haisomi nilichokiona.

Pale barabarani

Angalia watu kwanza, gari baadaye. Aliyeumia apelekwe hospitali, nawe ukihisi maumivu yoyote mwone daktari siku hiyo hiyo, maana shingo na mgongo huanza kuuma kesho yake, na cheti cha siku ya ajali hakina mbadala. Usimkimbize mwizi. Piga simu polisi, subiri.

Usiingie ndani ya gari lililokugonga kutafuta karatasi, kwani ukishika usukani au mlango unaharibu alama za vidole. Piga picha kupitia vioo: kioo kilichovunjwa, switchi iliyochokonolewa, kibandiko cha bima kama kipo. Kisha piga picha za magari yote mawili kabla hayajasogezwa, kwa mbali na kwa karibu. Plate namba peke yake haitoshi, maana wezi huibadilisha. Mwombe askari aandike na namba ya chesisi. Kwenye magari mengi ina herufi na tarakimu 17, ingawa yale yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa na namba fupi zaidi. Namba hiyo ndiyo itakayoongoza kwa mwenye gari na kwa bima yake.

Chukua majina na simu za walioona. Kama kuna kamera kwenye jengo la jirani, omba picha leo leo, kwa sababu mitambo mingi hurekodi juu ya picha za zamani.

Kituo cha polisi: usiondoke haraka

Hapa ndipo madai hushinda au hufa. Tukio lako lina kumbukumbu mbili, na mara nyingi haziko sehemu moja: ya wizi, iliyofunguliwa na mwenye gari, na ya ajali, iliyofunguliwa na wewe. Zinaweza kuwa kwenye vituo viwili tofauti kabisa. Omba namba ya kumbukumbu ya wizi iandikwe ndani ya taarifa yako ya ajali. Ukipewa karatasi, isome mstari kwa mstari ukiwa bado hapo mezani. Kama haitaji wizi, omba kwa heshima irekebishwe au uandikiwe barua ya nyongeza.

Angalia pia saa. Kama mwenye gari aliripoti wizi kabla ya ajali, njia ni nyeupe. Kama aliripoti baadaye, tarajia maswali. Wapo watu wanaogonga, wanakimbia, halafu wanadai gari lao liliibwa ili wakwepe deni. Lakini usilichukulie hilo kama hukumu, maana mtu aliyekuwa amelala hujua asubuhi kwamba gari halipo. Kazi yako ni kueleza ulichokiona tu: dereva alikuwa na umbo gani, alivaa nini, funguo ilikuwepo kwenye switchi au hapana. Hilo la funguo liseme bila kuulizwa.

Kama una bima kubwa

Njia yako ni fupi: unadai kwa kampuni yako mwenyewe, na wao ndio watakaohangaika kumtafuta wa kumdai. Wajulishe siku ile ile kwa simu, kisha kwa maandishi, maana mikataba huweka muda wa kutoa taarifa na muda huo hauna huruma. Jaza fomu ya madai taratibu. Penye maelezo ya ajali, tenganisha "niliona" na "niliambiwa", na usikadirie mwendo wala umbali usioujua. Ambatanisha taarifa ya polisi, nakala ya leseni ya aliyekuwa akiendesha gari lako, kadi ya gari, hati ya bima na picha. Baki na nakala ya kila karatasi unayokabidhi, iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Usianze matengenezo kabla mkadiriaji hasara hajaliona gari. Kulivuta hadi mahali salama na kuziba kioo kilichopasuka kunaruhusiwa, tena unatakiwa kuzuia hasara isiongezeke, ila tunza risiti. Siku ya ukaguzi uwepo mwenyewe, na kama una fundi unayemwamini nenda naye. Bampa lililobonyea linaweza kuficha rejeta iliyopasuka au chesisi iliyopinda, na kisichoandikwa siku hiyo utakipigania baadaye.

Uliza mapema: ni kiasi gani cha hasara nitabeba mwenyewe kwa mujibu wa mkataba, na je, punguzo langu la kutodai, yaani nafuu ya ada ya bima anayopewa asiyedai, litaguswa ingawa kosa si langu? Majibu hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Yaombe kwa maandishi.

Kama una bima ndogo tu

Hapa ndipo watu huumia. Bima ndogo hulipa wale uliowagonga wewe, hailipi gari lako. Bado ijulishe kampuni yako, kisha igeukie kampuni iliyoikatia bima gari lililoibwa. Jibu la kwanza huwa: "Mteja wetu hakuwa akiendesha, wala hakumruhusu aliyeendesha." Usilipokee kama neno la mwisho, kwa sababu linalotawala ni sheria ya nchi, na sheria hazifanani. Uingereza, chini ya sheria ya barabarani ya mwaka 1988, kampuni ya bima inaweza kubanwa kumlipa mwathirika hata kama aliyeendesha ni mwizi. Anayekosa ni abiria aliyepanda huku akijua gari ni la wizi. Marekani, wengi hutegemea kipengele kilicho ndani ya bima yao wenyewe, kinachowalinda dhidi ya dereva asiye na bima, na mwizi kwa kawaida huhesabiwa hivyo.

Kwingine kuna mfuko wa fidia kwa walioumizwa na madereva wasio na bima au wasiojulikana. Uingereza wana Motor Insurers' Bureau tangu 1946, na Ufaransa ina mfuko wa namna hiyo tangu 1951. Afrika Kusini, Road Accident Fund hulipa majeraha na vifo lakini hailipi bati la gari. Tofauti hiyo iweke akilini popote ulipo. Iulize mamlaka inayosimamia bima maswali mawili: je, mfuko upo, na je, unalipa mali au mwili peke yake? Ndiyo maana dai la majeraha lipeleke kivyake, na vyeti vyake, hata kama la gari limegonga mwamba.

Kumshtaki mwenye gari ni njia nyembamba. Mtu aliyeibiwa kwa kawaida habebeshwi kosa la mwizi, isipokuwa pengine ikithibitika alizembea, kwa mfano aliacha injini inanguruma na funguo ndani. Mwone mwanasheria kabla ya kutumia fedha zako huko.

Wakikupa kiasi, au wakikukatalia

Hati ya malipo huwa na maneno yanayomaanisha kwamba ukisaini huna dai lingine. Usiisaini kama gereji haijamaliza kufungua gari na kuona kila kilichoharibika. Wakisema gari halifai kutengenezwa, linganisha thamani waliyoiweka na bei za magari ya aina hiyo, mwaka huo na hali hiyo, na uulize mabaki yanabaki kwa nani.

Wakikukatalia, omba barua inayotaja kifungu cha mkataba walichokitumia. Kukataliwa kwa mdomo usikukubali. Kwa barua hiyo unalalamika kwanza ndani ya kampuni, kisha kwa msuluhishi wa migogoro ya bima au mamlaka ya usimamizi. Mimi nilirudi kituoni na picha za zile nyaya mbili, nikaandikiwa barua ya nyongeza yenye neno "wizi" na namba ya kumbukumbu ya mwenye pikapu. Dai lililokuwa limelala likaamka.

Mwizi akikamatwa, mpelekee mwendesha mashtaka risiti zako kabla ya hukumu, kwa kuwa mahakama nyingi zina uwezo wa kuamuru fidia. Kilicholipwa na bima hutalipwa mara ya pili. Chako ni kile ulichobeba mwenyewe: sehemu yako ya hasara, nauli za siku ambazo gari lilikuwa gereji, na kazi uliyoipoteza. Viandike vyote tangu siku ya kwanza, kwa tarehe.