Mkojo unakutoka ukikohoa au kucheka? Venye utaanza kufunza misuli ya nyonga

Mimi nilijua kuna shida siku tulikuwa chama huku Manyatta, Kisumu, mtu akaleta stori watu wakacheka hadi machozi, mimi nikabana miguu nikanyamaza kimya juu nilishasikia leso imelowa. Mtoto wangu alikuwa na miezi saba. Nilikuwa nimeshauliza mahali nilikuwa nampeleka kliniki nikaambiwa "ukizaa ndio hivyo, utazoea", na kweli nikazoea, nikaanza kuvaa pedi kila siku, nikikaa boda kwa barabara ya mashimo naomba Mungu tufike haraka, nikienda Kibuye sokoni sinywi maji tangu asubuhi. Napata uchungu nikikumbuka hiyo miezi. Hii kitu inapata wamama wengi sana lakini sio ya kuzoea, na mara nyingi inapona ama inapungua kabisa kwa mazoezi tu, bila kisu.

Kwanza ujue ni nini unafanyia kazi. Chini kabisa ya nyonga kuna misuli imetandazwa kama kamba za kitanda, kutoka mfupa wa mbele pale kinena hadi kifupa cha mkia huko nyuma. Kibofu, mji wa mimba na mwisho wa utumbo vyote vimelala juu yake, na ndiyo inasaidia kufunga mkojo, choo na gesi. Sasa kamba zikibeba mzigo miaka na miaka zinalegea. Mimba, kusukuma mtoto (haswa kama leba ilivuta ama ulichanika ukashonwa), kikohozi kisichoisha, choo ngumu, uzito wa mwili, kubeba maji, alafu umri ukifika wa hedhi kukoma. Hata kama ulizaa kwa upasuaji usifikirie umepona, mimba yenyewe ilikaa hapo miezi tisa. Wanaume pia wako na hii misuli, na wale wametolewa tezi dume juu ya saratani hufunzwa mazoezi haya haya.

Kuipata ndio kazi, na hapa ndio wengi tunakosea. Lala chali ukunje magoti. Fikiria uko kwa matatu imejaa na gesi inataka kutoka, ile kubana unabana huko nyuma, bana hivyo, alafu uongeze kama unazuia mkojo. Utasikia kitu kinavutwa ndani na kwenda juu. Hiyo ndiyo yenyewe. Matako yasikazane, mapaja yakae tu, na pumzi iendelee kuingia na kutoka.

Mimi kwa miezi miwili nilikuwa nasukuma chini nikifikiria nabana! Fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya mwili hospitalini, aligundua mara moja tu. Akanipea taulo ndogo akaniambia niiviringe ikaze kama chapati ya rolex, niiweke kwa stuli ngumu niikalie, iende mbele na nyuma katikati ya miguu. Akasema vuta. Kama unafanya sawa unasikia umejitoa kwa taulo kidogo, kama unasukuma unasikia umeikandamiza zaidi. Mimi niliikandamiza. Jaribu hiyo kabla uanze kuhesabu chochote, juu kusukuma chini kila siku ni kujiongezea shida.

Na usifanye mazoezi ya kukata mkojo katikati ukiwa chooni. Mara moja kujua misuli iko wapi ni sawa, lakini ikiwa tabia kibofu kinaweza kuacha kumaliza mkojo wote na hapo ndio unaitisha maambukizi.

Ukishaipata, vuta juu ushikilie ukihesabu. Kama unaweza sekunde tatu pekee, anza na tatu, hakuna aibu, utapanda polepole hadi kumi. Alafu uachilie kabisa kabisa, upumzike muda ule ule. Kuachilia ni nusu ya zoezi, usiruke. Fanya mara 8 hadi 10, alafu zingine 10 za haraka, vuta achilia vuta achilia. Hiyo ni raundi moja, na kwa siku unafanya tatu. Kila siku, angalau miezi 3. Haya ndiyo watu huita Kegel, jina la daktari wa Marekani Arnold Kegel, aliyeandika juu yake mwaka wa 1948, kwa hivyo sio kitu cha juzi. Mimi nilifunga raundi zangu na vitu nafanya tu kila siku, moja nikinyonyesha, moja nikingoja chai ichemke, moja kwa matatu ya Kondele ikikwama kwa jamu, hakuna mtu anaweza kujua.

Kuna kitu ilinisaidia hata kabla misuli ipate nguvu: vuta KABLA ya kukohoa, kupiga chafya ama kuinua kitu. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20, na hapo ndio nilikuwa naharibu kila jioni. Sasa nasimama karibu nao kabisa, miguu nimepanua, nakunja magoti, navuta juu, alafu nainua nikitoa pumzi nje. Ukishikilia pumzi mzigo wote unashuka huko chini. Na kama unaweza gawa kwa mitungi miwili midogo, gawa, hata kama utaenda safari mbili.

Choo nayo usisukume ukiwa umeziba pumzi. Kula mboga za kienyeji, matunda, kunywa maji. Choo cha shimo cha kuchuchumaa kinasaidia sana, kama chako ni cha kukalia weka stuli fupi chini ya miguu magoti yapande. Na tafadhali usiache maji ndio usikojoe, mkojo ukiwa mzito unawasha kibofu na unazidi kukimbia chooni.

Sasa kwa nini uone fizio na mazoezi ni ya nyumbani? Juu sio kila mtu misuli yake imelegea. Kuna wenye imekazana kupita kiasi, tendo la ndoa linauma, mkojo unachelewa kuanza, kifupa cha mkia kinauma ukikaa. Huyo akibana zaidi anaumia zaidi, yeye anahitaji kufunzwa kulegeza na kupumua. Fizio anakuuliza venye ulizaa, anaweza kukuambia uandike siku tatu umeenda choo mara ngapi na umekunywa nini, alafu akipata ruhusa yako anaangalia misuli kwa kidole, na glavu. Una haki ya kukataa, ya kuomba mwanamke, ya kwenda na dada yako ama shosho. Uliza kabisa kama amesomea mambo ya nyonga, juu sio wote wamesomea.

Lakini kama mkojo ama choo kinatiririka tu mchana na usiku bila kukohoa, haswa baada ya leba ndefu, hiyo inaweza kuwa fistula, ni tundu, na mazoezi hayazibi tundu. Inatibiwa kwa upasuaji, Eldoret kuna hospitali ya Gynocare inafanya hiyo kazi. Kama unaona damu kwa mkojo, unawashwa ukikojoa, ama unasikia kitu kinashuka kwa njia ya uzazi, onwa na daktari kwanza. Na ganzi katikati ya miguu imekuja ghafla, na miguu imelegea, hiyo ni imajensi, nenda siku hiyo hiyo.

Kwangu wiki ya sita baada ya fizio kunirekebisha ndio niliona pedi inakaa kavu hadi saa sita. Mwezi wa nne nilicheka chama bila kubana miguu. Hospitali kubwa za kaunti huwa na fizio, hapa Kisumu anzia Russia (ndiyo hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga), Nakuru anzia hospitali ya Level 5. Na kama utashikwa na aibu pale dirishani, huhitaji kueleza yote mbele ya foleni, sema tu "nataka kuonwa na fizio, ni mambo ya baada ya kuzaa", zingine utasema ukiwa ndani mlango umefungwa.