Ukitaka kukaa na familia ya wenyeji kwenye mashamba ya chai Mufindi, mkoani Iringa
Shuka Mafinga mapema, magari ya kwenda ndani kwenye mashamba yapande asubuhi, jioni ni kubahatisha. Juni na Julai baridi ya kule si mchezo, beba sweta zito na mabuti ya mvua, raba nyeupe acha nyumbani jamani. Usiende mikono mitupu, sukari na sabuni ya mche zinatosha, ila hela ya malazi kubalianeni kabla hujatua begi, ukisubiri siku ya kuondoka mtaoneana aibu bure. Wazee wasalimie "kamwene", salamu ya Kihehe, watacheka na kufurahi. Ukiomba kwenda kuchuma, jifunge nailoni kiunoni maana umande unalowanisha mpaka ndani, halafu chuma chipukizi na majani mawili tu, yale magumu ya chini yakijaa kwenye kapu mwenyeji wako ndo anakuja kurudishiwa mzigo kwenye mizani, na hiyo ni hela yake. Usiku wote mnajibana jikoni kwenye moto, ugali na maharage. Ulanzi, pombe ya mianzi, ukiletwa onja kidogo kwanza, uliogemwa leo na uliolala ni vitu viwili tofauti kabisa.