Somo: Jinsi ya kutathmini kichupa cha wanafunzi pamoja na kava, bango na kionjo chake

Somo hili ni la walimu wa vyuo vya sanaa na habari, na la wanafunzi wanaotakiwa kuambatanisha andiko la tathmini na kichupa, yaani video ya muziki waliyoshuti. Mfano tutakaotembea nao ni kundi la wanafunzi wanne na wimbo mmoja wa bongo fleva wa dakika 3 na nusu, mwendo wake midundo 100 kwa dakika. Kazi zao ni video, kava ya mraba, bango la A3, picha ndogo ya YouTube na kionjo cha sekunde 15 cha kutazamwa simu ikiwa wima.

Tathmini nyingi hupoteza alama kwa sababu zinasifu bila kuonyesha. "Uhariri wetu ni mzuri na rangi zinavutia" ni sentensi ambayo hakuna anayeweza kuikagua. Kwa hiyo kanuni ya somo zima ni hii: kila hukumu iandikiwe dakika na sekunde yake. "1:12 hadi 1:22, kiitikio cha kwanza, picha inakatwa kila baada ya midundo 4, ila mkato wa 1:17 umechelewa fremu 5." Fremu ni picha moja kati ya zile zinazopita mfululizo na kufanya video. Mwalimu, mwanafunzi na msahihishaji wa nje wote wanaweza kwenda hapo na kuona.

Vya kuandaa

Faili la mwisho lenyewe, lisiwe lililopitia WhatsApp, maana WhatsApp huibana picha na utaishia kuhukumu ubanaji badala ya kazi. Wimbo kutoka studio katika WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa. Mashairi yaliyochapwa. Mpango wa awali wa kundi na michoro ya matukio. Headphone, simu ya kawaida na skrini kubwa moja.

Hatua ya 1: Soma lengo kabla ya kutazama

Kundi liwe limeandika mambo matatu: wimbo unasema nini, msanii anataka aonekane mtu wa namna gani, na nani anatarajiwa kutazama. "Vijana" si jibu. "Wasichana wa miaka 16 hadi 20 wa mjini, wanaotazama kwa simu na kuhesabu bando" ni jibu, kwa sababu linakuambia kwamba maandishi madogo hayatasomeka na kwamba sekunde 20 za nembo mwanzoni zitawafukuza. Lengo likikosekana, simamisha tathmini na uliombe. Bila hilo utapima kwa ladha yako tu.

Hatua ya 2: Tazama mara tatu

Mara ya kwanza tazama moja kwa moja, usisimamishe, usiandike. Mara ya pili zima sauti. Ukiwa kimya unapaswa kutambua kiitikio kinapoanza: mahali pamebadilika, mavazi, mwanga, au mwendo wa kamera. Kama ubeti na kiitikio vinafanana, video haina muundo, na hilo halifichiki hata kamera ikiwa ya gharama. Mara ya tatu sauti iwepo, mashairi mkononi, kidole kwenye kitufe cha kusimamisha.

Hatua ya 3: Picha inaufanyia nini wimbo?

Andrew Goodwin, mwandishi wa Uingereza aliyechambua video za muziki mwaka 1992, aliacha kipimo kinachofaa bado: picha inaweza kuonyesha maneno yalivyo, kuyaongezea maana, au kwenda kinyume nayo. Mshairi akisema anamsubiri mpenzi stendi na tukaona stendi, hiyo ni ya kwanza. Tukiona mabasi matatu yameondoka na kahawa yake imepoa, ni ya pili. Ya tatu ni ngumu. Wanafunzi wengi wakishindwa kuunganisha picha na wimbo hujitetea kwamba walikusudia kwenda kinyume. Angalia mpango wa awali: kama ukinzani haukuandikwa kabla ya kushuti, usiupe alama.

Weka alama pembeni ya kila mstari wa shairi: 1, 2, 3 au 0 kwa picha isiyohusiana na chochote. Gari la kukodi, mnara na machweo yaliyopigwa kwa droni mara nyingi huangukia 0.

Hatua ya 4: Midomo na mdundo

Hapa tukae, maana ndipo kazi za wanafunzi huvunjika.

Kwa fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40. Kwa vipimo vya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, mtazamaji huanza kuhisi kasoro sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, au ikichelewa kwa milisekunde 125 hivi. Maana yake, sauti ikitangulia kwa fremu 2 tayari inaonekana. Kukagua, tafuta maneno yenye m, b na p, kwa sababu hapo midomo lazima ifunge. Nyimbo za mapenzi hazina uhaba wa maneno hayo: mpenzi, moyo, baby. Simamisha kwenye "m" ya "moyo". Kama midomo iko wazi, sogea fremu moja moja hadi ifunge, uhesabu.

Kosa likiwa sawa mwanzo hadi mwisho, mhariri aliupanga wimbo vibaya kwenye kipande hicho, na ni marekebisho ya dakika moja. Kosa likikua kadiri kipande kinavyoendelea, sababu ni nyingine. Simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu inayopanda na kushuka. Au kipande cha fremu 29.97 kwa sekunde kimelazimishwa kuwa 30: tofauti ni moja kwa elfu, lakini katika dakika 4 inafika karibu robo sekunde. Dawa ni kugeuza vipande vyote viwe na idadi ya fremu isiyobadilika kabla ya kuhariri. Programu ya HandBrake ni ya bure na inafanya kazi hiyo.

Kwenye mwendo wa taratibu, mdomo ukionekana kama unatafuna, msanii aliimba wimbo ukipigwa kwa kasi ya kawaida. Ukishuti fremu 50 ili zichezwe 25, wimbo ulipaswa kupigwa kwa kasi mara mbili siku ya kushuti. Hilo halirekebishiki kwenye kompyuta, kwa hiyo liandikwe kama kosa la maandalizi.

Sasa mikato. Midundo 100 kwa dakika ni sekunde 0.6 kwa mdundo, yaani fremu 15. Midundo minne ni fremu 60. Pima mikato kumi ya kiitikio. Si lazima kila mkato uangukie mdundo, na ukikata kila mdundo kwa dakika tatu mtazamaji atachoka. Tafuta uamuzi: labda ubeti unakatwa kwa kufuata sentensi za mwimbaji na kiitikio kwa kufuata ngoma. Mkato unaokosa mdundo kwa fremu 3 hadi 5 ndio mbaya zaidi, kwa sababu unaonekana umelenga ukakosa.

Hatua ya 5: Mwanga na rangi

Tazama nyuma ya msanii kwenye matukio ya ndani. Mistari myeusi inayotambaa inatokana na umeme wetu wa hertz 50: taa hupepesa mara 100 kwa sekunde, na simu iliyowekwa fremu 30 na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya sekunde 1/60 huikamata hiyo mipepeso. Shata ya 1/50 au 1/100 ingezuia, hata kwa fremu 30.

Kisha uso. Kamera ikiachiwa ijipimie mwanga yenyewe mbele ya ukuta mweupe au anga la mchana, hupunguza mwanga hadi uso wa mtu mweusi unapotea. Simamisha picha ujiulize kama unaona macho na mviringo wa shavu. Linganisha uso uleule kwenye ubeti wa kwanza na wa pili. Ukiwa wa dhahabu huku na wa kijivu kule, kamera iliachwa ijichagulie rangi ya mwanga. Na filta inayomchubua msanii ipunguziwe alama bila huruma, isipokuwa kundi limeeleza sababu ya kisanii inayoaminika.

Hatua ya 6: Kava, bango, picha ndogo, kionjo

Kila kimoja kitazamwe kwa ukubwa ambao watu watakiona, kisha vyote kwa pamoja.

Kava iwe ya mraba, pikseli 3000 kwa 3000. Ipunguze kwenye simu hadi upana wa sentimita moja. Jina la msanii bado lisomeke au uso utambulike. Anwani za tovuti na nembo za mitandao ya kijamii zisiwemo, Apple Music huzikataa. Jina liandikwe herufi kwa herufi kama kwenye taarifa za wimbo.

Bango la A3 kwa nukta 300 kwa inchi linahitaji pikseli 3508 kwa 4961, rangi za CMYK (za wino wa kuchapia) na milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu. Kosa la kudumu ni kukamata fremu kutoka kwenye video na kuipanua. Fremu ya 1920 kwa 1080 ikijazwa kwenye A3 iliyosimama hubaki na nukta 65 tu kwa inchi, na ukungu wake unaonekana ukiwa umesimama karibu. Uliza kama kuna aliyepewa kazi ya kupiga picha za mnato siku ya kushuti.

Picha ndogo ya YouTube ni 1280 kwa 720. Kona ya chini kulia hufunikwa na muda wa video, kwa hiyo maandishi yoyote pale yamepotea.

Kionjo ni 1080 kwa 1920. Ukikata picha ya mlalo iwe wima unabaki na chini ya theluthi moja ya upana, hivyo wachezaji wawili waliosimama pande mbili wote hutoweka. Hayo yalitakiwa kufikiriwa wakati wa kushuti. Sehemu ya chini na ubavu wa kulia hufunikwa na maelezo na vitufe vya mtandao.

Mwisho, panga vyote mezani pamoja na fremu tatu za video. Mtu asiyejua kazi aviangalie kwa sekunde 10 aseme kama ni vya msanii mmoja. Kinachounganisha kwa kawaida ni vitu vitatu: mwandiko wa jina, rangi moja inayotawala, na picha au vazi linalojirudia.

Hatua ya 7: Watazamaji wa majaribio

Watano hadi wanane, wa kundi lililolengwa, wasiwe marafiki wa watengenezaji. Watazame kwa simu. Usiulize "umeipenda?" kwa sababu adabu itajibu. Uliza: wimbo unahusu nini? Msanii ni mtu wa namna gani? Picha gani imebaki kichwani? Wapi ulitaka kuruka mbele? Wawili wakitaja sehemu ileile, rudi uiangalie.

Hatua ya 8: Alama

Mgawanyo unaofanya kazi vizuri: picha na wimbo 25, midomo na uhariri 25, mwanga na kamera 15, matangazo 20, andiko la kujitathmini 15. Andiko lina uzito huo kwa sababu mwanafunzi aliyeona kosa lake, akalitaja kwa sekunde yake na kueleza chanzo, amejifunza kuliko aliyepata picha nzuri kwa bahati.

Maswali ya wasomaji

*Shikamoo mwalimu. Sisi tunafanya singeli. Hesabu ya fremu haikubali.*

Marahaba. Singeli ikiwa midundo 200 kwa dakika, mdundo mmoja ni fremu 7 na nusu, na nusu fremu haipo. Usikate kwa mdundo mmoja mmoja. Midundo minne ni fremu 30 kamili, kata hapo, na kasi iletwe na miguu ya wachezaji. Kwenye tathmini, andika mlikata kwa vipimo gani na kwa nini.

*Kundi letu ni watu wanne lakini mmoja ndiye aliyehariri kila kitu. Alama zigawanywe vipi?*

Alama ya video iwe ya kundi, alama ya andiko iwe ya mtu. Kila mmoja ataje sehemu alizowajibika nazo kwa dakika na sekunde, au kazi aliyoshika: taa, mavazi, ruhusa za lokesheni, kava. Daftari la kila siku ya kazi lisainiwe na wote siku hiyohiyo. Likijazwa usiku wa kuamkia kukabidhi, maelezo ya siku zote huwa yanafanana, utalijua.

*Je, tunaweza kutumia wimbo wa msanii mkubwa kwa ajili ya mtihani?*

Tatizo huanza mkiupandisha mtandaoni. Mfumo wa Content ID wa YouTube huutambua wimbo, na mwenye haki anaweza kuizuia video au kuchukua mapato yake. Kuna haki mbili: ya utunzi na ya rekodi, na mara nyingi wenye nazo ni watu tofauti. Njia salama ni msanii chipukizi anayewapa ruhusa ya maandishi kwa zote mbili. Hakimiliki Tanzania husimamiwa na COSOTA, Kenya ni KECOBO, ulizeni huko. Nakala ya ruhusa iwekwe kwenye kazi, na ikikosekana sehemu ya matangazo ipunguzwe alama, kwa sababu kazi isiyoweza kutangazwa haijakamilika.

*Mwalimu, sokoni watu wengi wametokea kwenye video yetu bila kuulizwa. Tufanyeje?*

Anayepita nyuma bila kutambulika hana shida kubwa. Aliyekaa mbele ya kamera uso wazi aombwe idhini, na mtoto aombewe kwa mzazi wake. Msipompata, kata kipande au funika uso. Andikeni kwenye tathmini ni sekunde zipi mmebadilisha.

*Taarab ya kisasa ina dakika zaidi ya kumi. Tutazame mara tatu kweli?*

Mara ya kwanza tazama yote. Kisha chagua sehemu tatu za dakika moja: mwanzo, kiitikio cha kati, na mwisho. Pima midomo na mikato humo tu. Kwenye taarab angalia zaidi kama wapiga ala wanaonyeshwa wakati ala yao inasikika: fidla ikilia na kamera ikawa kwenye kinanda, andika sekunde.

*Kava tumetengeneza kwa akili mnemba. Inakubalika?*

Soma kwanza masharti ya chuo chako. Kama inaruhusiwa, mtaje programu na maelekezo mliyoiandikia. Kisha kagueni vidole, herufi na sura: uso wa kwenye kava usipokuwa wa msanii anayeonekana kwenye video, kipimo cha mezani cha hatua ya 6 kitafeli palepale.