Namna ya Kutengeneza Tiara kwa Chelewa za Mnazi

Kabla ya vitu vya kuchezea vya plastiki kujaa madukani, watoto wa pwani ya Afrika Mashariki walijitengenezea tiara, yaani karatasi ya kurushwa kwa upepo ambayo wengine huiita kishada, kwa vitu vilivyopatikana nyumbani: chelewa za mnazi, gazeti kuukuu, uzi wa cherehani na uji mzito wa unga wa ngano. Chelewa zenyewe, kusema kweli, mara nyingi zilichomolewa kwenye ufagio wa mama bila ya idhini yake.

Chagua chelewa nne zilizonyooka. Kwa kuwa chelewa ni nene upande wa shina na nyembamba nchani, ukitumia moja peke yake tiara itaelemea upande mmoja hata ukiipanga vipi. Kwa hiyo zifunge mbilimbili, shina la moja likae kwenye ncha ya nyingine, ndipo uzito uwe sawa. Jozi moja ikate iwe na sentimita 50, ya pili 40. Ipitishe ile fupi juu ya ile ndefu, sentimita 15 kutoka kichwani, ukaze kwa uzi baada ya kuhakikisha kwamba mabawa mawili yanalingana. Ukilipua hapa, hakuna mkia utakaokuokoa huko mbele.

Zungusha uzi kutoka ncha hadi ncha, laza kiunzi juu ya gazeti, kata ukibakiza ukingo wa sentimita 2, ukunje juu ya uzi na kuubandika kwa uji. Anika kivulini, kwani juani karatasi hujikunja.

Sasa tia hatamu: toboa matundu madogo karibu na kichwa na karibu na mkia, pitisha uzi wa sentimita 70, ufunge kwenye chelewa ndefu, na fundo la uzi wa kurushia liwe juu kidogo ya makutano. Mkia ni matambara ya khanga, kiasi cha mita 2. Tiara ikizunguka kama pia, urefushe. Ikikataa kupaa, upunguze.

Rusha alasiri, ufukweni au uwanjani, mbali na nyaya za umeme. Upepo wa kaskazi, uvumao takriban Desemba hadi Machi, hauna shida. Kusi inapopamba moto mwezi Juni na Julai, gazeti huchanika, na hapo wajuzi walitumia karatasi ya mfuko wa saruji, nzito lakini ngumu.