Gololi za muhogo kwenye chai

Binti wa kaka yangu aliponiletea chai ya gololi mara ya kwanza, nilimrudishia kikombe chake. Chini kulikuwa na vidude vyeusi, vya mviringo, vinateleza. Mimi nimekulia Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, mayai ya chura nayajua. "Shangazi, we tafuna tu," akasema. Nikatafuna. Ni laini, inavutika, haikubali kukatika haraka, na ina utamu wa sukari iliyoungua. Nikamuuliza imetengenezwa na nini. Muhogo! Nikacheka mpaka chai ikanipalia.

Kinywaji hiki kilianzia Taiwan miaka ya 1980. Maduka mawili ya chai, Chun Shui Tang la Taichung na Hanlin la Tainan, kila moja linadai ndilo lililoanza. Wavutane tu. Muhogo wenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini, ukafika kwao kama ulivyofika kwetu.

Nilipojaribu kuzitengeneza mwenyewe, kosa langu la kwanza lilikuwa kutumia unga wa udaga, ule wa muhogo wa kusongea ugali, alionibebea mama mkwe kutoka Ukerewe. Gololi zilifumukia sufuriani na chai ikanuka uchachu. Udaga umevundikwa, halafu una nyuzinyuzi. Hapa unahitaji wanga mtupu.

Nunua kilo 2 za muhogo mtamu, ule watu wanaoutafuna mbichi. Mchungu una sumu nyingi, uache. Menya, osha, paruza kwa kile unachoparuzia karoti. Tia kwenye beseni la maji, pekecha kwa mikono, kisha kamua kwa kanga safi kwenye beseni la pili. Acha maji yatulie saa tatu au nne. Yamwage taratibu, na chini utakuta tope jeupe lililoganda: ndio wanga. Lianike juani mpaka livurugike kwa vidole, kisha lichekeche. Siku wadudu wa ziwani wanapopanda kama moshi, usianike kitu. Mimi nilipoteza beseni zima hivyo.

Pima vyote kwa kikombe kimoja: wanga kikombe kizima, sukari guru iliyopondwa robo na kidogo, maji theluthi. Ukitumia sukari nyeupe zitaiva, ila hazitakuwa nyeusi. Chemsha maji na sukari mpaka yatokote kweli. Tia nusu ya wanga, koroga haraka igande kama gundi, epua, ongeza uliobaki, kanda ungali wa moto. Usidanganyike na maji ya uvuguvugu. Niliyatumia mara moja, nikapata kitu cha ajabu: ukikibana kinakuwa kigumu kama jiwe, ukikiachia kinachuruzika vidoleni. Wanga haushikani mpaka uunguzwe na maji yanayochemka.

Sokota donge kama kamba nyembamba, katakata, viringisha kila kipande kiwe kama punje ya mbaazi. Vitavimba, kwa hiyo usiwe na tamaa. Nyunyizia wanga mkavu visigandane. Kazi hii inachosha mgongo. Tafuta watoto, gololi ni fani yao.

Mwaga kidogo kidogo kwenye maji mengi yanayochemka, koroga mpaka zielee, ziache zitokote dakika 20. Zima moto, funika dakika 20 nyingine. Kata moja: ukiona nukta nyeupe katikati, bado. Zikiiva suuza kwa maji baridi, kisha zilowekwe kwenye sukari guru iliyoyeyushwa.

Chai iwe nzito kuliko ya kawaida, maana barafu itaipunguza makali: vijiko viwili vya chakula vya majani kwa nusu lita. Ipoe, tia maziwa, barafu na gololi. Mrija wa soda haupitishi gololi hata moja. Ukikosa mrija mnene, tumia kijiko, hakuna atakayekucheka. Zitafune, usizimeze nzima, na watoto wadogo usiwape kabisa, zinaweza kuwakaba.

Zile siku hiyo hiyo. Zikilala kwenye friji zinakuwa ngumu na kumeguka kama chaki.

Mama mkwe alipokuja tena nilimpa bilauri na kijiko. Akamaliza gololi zote, chai akaisukuma pembeni, akaniuliza, "Sasa mwanangu, mboga yake iko wapi?"